Salamu Nilizozikata

Sauti yangu ilifika vijijini kabla sijafika mwenyewe. Siku moja mnadani, upande wa Mkiwa, nilikuwa nabishana bei ya beberu na mzee mmoja aliyevaa koti la mvua juani. Nilimwambia beberu wake ana umri wa kustaafu. Mzee alicheka, kisha akanikazia macho. "Wewe ndiye yule mwanamke wa kwenye simu," akasema. "Wewe ndiye unayetuzuilia mvua." Nikakana. Haikusaidia kitu. Aliwaita wenzake, wakanizunguka, na mmoja akataka nimweleze kwa nini choroko zake zimenyauka, kana kwamba jua nimeliwasha mimi. Beberu nilimpata kwa bei nzuri. Nadhani walitaka nirudi haraka nikaongee na mawingu.

Kazi yangu ilikuwa ndiyo hiyo, kwa miaka minne: kusema Kinyaturu ndani ya mashine. Kampuni ilitoka Dar es Salaam ikapanga vyumba vitatu mjini Singida, juu ya duka la mabati na misumari. Mkulima alipiga namba fupi bila kukatwa salio, akasikia bei ya alizeti, hali ya hewa na ushauri wa bwana shamba, na baada ya mlio aliweza kuacha sauti yake mwenyewe: swali, shida, chochote. Asubuhi mimi nilivaa hedifoni, nikasikiliza, nikaandika kwa Kiswahili ili wenzangu ofisini waelewe. Hakuna mwingine pale aliyejua Kinyaturu. Mkurugenzi, kijana mpole mwenye raba nyeupe ambazo vumbi letu lilizipenda sana, alijua kusema asante tu, tena alikosea.

Mwanzoni kabisa nilirekodi ahadi. Iliandikwa kwa Kiswahili, nikaigeuza: usitaje jina lako, sauti yako ni siri yako na yetu, sema bila woga. Fundi alinirudisha mara tatu mpaka akaridhika, na mara ya tatu niliweka kicheko kidogo mwishoni, kama shangazi anayekukaribisha jikoni. Niliipenda ile ahadi. Niliiamini kuliko walioiandika.

Tatizo ni kwamba walioiandika hawatujui. Kwetu huwezi kumrushia mtu jambo usoni kama maji machafu. Unasalimia kwanza. Unauliza ng'ombe, unauliza watoto, kisha unajieleza wewe ni nani, ili anayekusikia ajue neno linatoka kinywa gani. Neno lisilo na mwenyewe ni umbea. Kwa hiyo watu waliponisikia nikisema wasitaje majina, walitii. Hawakutaja majina. Walitaja kila kitu kingine. "Jina sitaji, maana mmekataza," mzee mmoja aliniambia masikioni, "ila mimi ni mtoto wa tatu wa yule mhunzi wa pale kwenye jiwe lenye pango, mke wangu mkubwa ni Mnyiramba, binti wa yule aliyehamia na punda, nyumba yangu mlango unatazama shule, na mguu wangu wa kushoto ndio ule uliovunjwa na gari la ng'ombe." Ndipo akauliza bei ya alizeti. Mtu mgeni kabisa angeweza kwenda kumshika mkono huku amefumba macho.

Dakika mbili za salamu, nusu dakika ya jambo. Mimi nilikuwa na sauti nyingi za kuandika na vidole viwili tu vinavyojua kuchapa. Nikawa naandika "Salamu", naweka nukta, naruka kwenda kwenye jambo. Sitajipamba hapa. Ulikuwa uvivu.

Mwaka wa tatu likaja lambo. Kuna kijiji, sitasema kiko wapi, kilichimbiwa lambo la kunyweshea mifugo. Kwenye karatasi lilikamilika. Kulikuwa na kibao, kulikuwa na picha, kulikuwa na utepe uliokatwa. Mvua ya kwanza ya maana ikapasua tuta, maji yakaenda zake, likabaki tope zito linalonata. Sauti zikaanza kuja. Wengi walipiga kwa simu ya mwenye duka, ile iliyofungwa kwa kamba kaunta isitembee, kwa hiyo namba ilikuwa moja na midomo ilikuwa mingi. Mwanamume mmoja alisema tuta lilijengwa kwa udongo wa kichanga usioshika maji, naye alijua maana aliubeba udongo huo yeye mwenyewe. Mwingine, mwalimu, alieleza nani alisaini kwamba kazi imekwisha na alisaini akiwa amekaa wapi. Lakini aliyepiga mara nyingi kuliko wote alikuwa bibi mmoja. Ng'ombe wake wawili walizama kwenye lile tope, wakafia humo huku yeye na jirani zake wakiwavuta kwa kamba. Alipiga wiki hiyo, akapiga iliyofuata, akapiga tena. Kila mara alianza upya na salamu zake zote na ukoo wake wote, kisha: "Lambo limepasuka. Mlisema tuseme. Nimesema. Mbona kimya?"

Nilimzoea. Nilijua alizaliwa wapi, amezika waume wangapi, na jogoo wake nilimjua maana aliwika ndani ya simu. Kwenye karatasi niliandika: "Salamu. Lambo limepasuka. Ng'ombe wawili wamekufa."

Sasa niseme kuhusu kampuni. Watu hudhani dhamiri inauzwa siku moja, kwa kelele, kama ng'ombe mnadani. Hapana. Inamegwa kama ugali, tonge kwa tonge, na kila tonge lina sababu yake nzuri.

Kampuni ilikuwa inatafuta kazi kubwa ya serikali, ya kuandikisha wakulima kwa njia ya simu. Kibali kilikuwa mikononi mwa ofisi moja ambayo sitaitaja wala sitasema ni ya ngazi gani. Tonge la kwanza lilikuwa ripoti. Neno "lambo" lilitolewa, pakawekwa "changamoto za miundombinu ya maji". Nilicheka, nikapita. Tonge la pili: kabla ya bei ya alizeti, mkulima akaanza kusikilizishwa kwanza salamu za mkubwa fulani, jinsi anavyoleta maendeleo. Nilizisoma mimi, kwa Kinyaturu, na kile kicheko changu cha shangazi. Tonge la tatu: bwana shamba aliambiwa asijibu maswali yasiyo ya kilimo, na lambo, ikaamuliwa, si kilimo. Hapo nilimfuata mkurugenzi. "Ng'ombe wanywe nini, karatasi?" nikamuuliza. Akaniambia kwa upole wake, "Dada, ni kwa muda tu. Tukishapata kibali tutarudi kwenye misingi yetu." Nikarudi kwenye kiti changu nikavaa hedifoni. Matonge matatu niliyameza mwenyewe, na nayasema kabla sijaanza kujisifu.

Tonge la nne lilikuja na mgeni. Jumatatu moja nilipanda ngazi nikamkuta mtu wa makamo amekaa kwenye kiti changu, shati limepigwa pasi, faili la kijani mapajani. Alisimama kunipisha, alikuwa na adabu. Ningependa kusema alikuwa na macho ya nyoka, ila hakuwa nayo.

"Hizi sauti za lambo," alisema, "tunataka kuwafahamu wahusika. Si kwa ubaya. Wapo wachochezi wanaowatumia wananchi."

Mkurugenzi akanigeukia. "Dada, namba tumeshampa, lakini karibu zote ni za duka moja. Sasa kwenye sauti kuna kipande kirefu mwanzoni ambacho kwenye maandishi umeweka 'Salamu' tu. Pale wanasema nini?"

Tumeshampa. Alilitamka kama mtu anayesema mgeni tumeshampa chai.

"Wanasalimia," nikasema.

"Dakika mbili?" mgeni akauliza.

"Kwetu tunasalimiana. Au kwenu mnapishana tu kama kuku?"

Mkurugenzi alikohoa. Mgeni alitabasamu. Alisema anaelewa, kila kabila lina mila zake, ila angefurahi nikikaa nazo hizo salamu nikaziandika zote hadi Ijumaa. Akaongeza, bila kupandisha sauti, kwamba mjini hapa wanaojua Kinyaturu si haba, hata mama anayeuza karanga pale chini. Ilikuwa kweli. Kufunga kwangu mdomo kusingemlinda mtu yeyote zaidi ya wiki moja.

Alipoondoka nilifunga mlango. "Umegawa namba za watu," nikamwambia mkurugenzi.

"Tukikataa wanatufungia. Tukifungiwa, wakulima hawana bei, hawana hali ya hewa, hawana kitu. Hapo nani atakuwa amewasaidia?"

Lilikuwa swali zuri, na huo ndio ubaya wake. Kampuni za namna hii zina maswali mazuri kuliko majibu. "Hawakutuomba tuwauze ili tubaki tukiwahudumia," nikasema.

"Hakuna anayeuzwa. Wataitwa, wataongea, yataisha."

"Wewe umewahi kuitwa?"

Akaanza kupangusa raba yake kwa kidole. "Ile ahadi ni ya kampuni," akasema baadaye. "Wewe usijibebeshe."

"Kule kijijini kampuni hawaijui. Wanaijua sauti yangu."

Nilikuwa na hasira hadi masikio yakawaka. Nilikuwa na hofu pia, nisidanganye. Nilikuwa na watoto wawili sekondari na sikuwa na mume wa kuegemea. Lakini hofu ilikaa pembeni na hasira ndiyo iliyonivalisha viatu. Kesho yake nilituma ujumbe ofisini kwamba naumwa, nikapanda bodaboda kwenda kwenye kijiji cha lambo.

Sikumuuliza mtu nyumba ya bibi iko wapi. Nilifuata salamu zake. Kutoka kwenye kanisa lisilo na kengele nenda na njia ya punda, vuka korongo, pita mti uliopigwa na radi, tafuta nyumba ya tembe ambayo ukuta mmoja umezibwa kwa bati. Nilifika bila kupotea hata mara moja, na dereva wa bodaboda akadhani mimi ni mwenyeji. Hapo ndipo nilipoogopa sawasawa. Kama mimi nilifika hivyo, mwenye faili naye angefika hivyo hivyo.

Alikuwa anapepeta uwele. Mwanamke mwembamba, mrefu kuliko sauti yake. "Shikamoo, bibi," nikasema. Aliinua kichwa kabla hajaitikia.

"Marahaba. Wewe ndiye unayecheka kwenye simu."

Alinipa kigoda. Nikamweleza yote: namba zimetolewa, kuna mtu mwenye faili anataka kujua nani amesema nini, na mimi ndiye niliyewaahidi siri. Nikamwambia asihofu sana, maana kwenye maandishi sijaweka salamu za mtu hata mmoja. Nilidhani atanishukuru.

Ungo ukasimama. "Ulikata salamu zangu?"

"Ndiyo, bibi."

"Mara zote?"

"Mara zote."

Akauweka ungo chini. "Mimi nakaa hapa najiuliza, hawa watu wana masikio ya namna gani? Nimewaeleza mimi ni mtoto wa nani, nimeolewa wapi, nimezika nani, na bado hawanijibu. Kumbe hawajui ni nani amesema. Kumbe huko lilifika lambo peke yake, linajisemea limepasuka. Nani atamjibu mtu asiyekuwepo?"

"Nilikuwa nakulinda, bibi. Ningeandika wangekufuata."

"Ulinilinda lini? Wakati unakata ulikuwa unajua kuna mwenye faili?"

Nilimwambia ukweli, kwamba nilikata kwa sababu zilikuwa ndefu. Alinitazama, na sijawahi kuona aibu kama ile, hata siku niliyofumaniwa na mama naiba nyama ya sikukuu. Mimi niliyeondoka mjini nikijiona mtetezi wa wanyonge nilikuwa nimekaa mbele ya mwanamke niliyemfuta kwa nukta moja, mara nyingi kuliko ninavyokumbuka.

"Mimi nipeleke," akasema mwishoni. "Nzima. Usipunguze. Huyo bwana mwambie aje mwenyewe anisalimie, nimweleze ng'ombe wangu. Lakini wale wengine uwaache. Aliyebeba udongo ana watoto wadogo wanne. Mwalimu atahamishiwa porini. Mimi watanihamishia wapi?"

"Sauti zao ziko kwenye mashine, bibi. Nikikataa mimi atatafutwa mwingine."

"Basi mlete kwangu kabla hajamtafuta huyo mwingine."

Jumatano ilikuwa siku ya kurekodi matangazo ya wiki. Nilikaa mbele ya maiki kama kawaida. Nikasoma bei ya alizeti, nikasoma hali ya hewa. Zile salamu za mkubwa nikaziruka, kwa kuwa kuruka salamu nilikuwa na uzoefu nako. Nilipofika mahali pa ahadi, nilisema kwa Kinyaturu, kwa sauti ile ile wanayoijua: "Niliwaambia sauti zenu ni siri. Si siri tena. Namba zimetolewa ofisini na sauti zinatafutiwa wenyewe. Haya yalipoanza mimi nilinyamaza. Kuanzia leo, ukiongea humu ongea kama uko mkutanoni. Usilotaka kulisema mkutanoni, humu usiliseme." Sikuweka kicheko.

Fundi, asiyejua neno hata moja la Kinyaturu, alininyooshea dole gumba. "Leo umetulia sana, dada," akasema, akabonyeza, ikaenda vijijini kote.

Ijumaa nilimwambia mgeni nimempata mmoja, mzee, Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu, na anataka kumwona yeye mwenyewe. Alifurahi. Jumatatu tulikwenda na gari la ofisi yao: yeye, mkurugenzi, dereva na mimi wa kutafsiri. Njiani mkurugenzi alinong'ona, "Umeona? Mambo yanazungumzika." Nikatazama nje.

Bibi alikuwa amefagia uwanja na kupanga vigoda. Wanawake watatu wa jirani walikuwa wamekaa chini ya ukuta wakichambua mlenda, tena walichambua polepole sana. Mgeni alisalimia vizuri, shikamoo yake ilikuwa safi. Bibi aliitikia, akauliza habari za safari, kisha akauliza kupitia kwangu, "Wewe ni mtoto wa nani?"

"Natoka ofisini, bibi."

"Mwambie ofisi haikumzaa."

Nilitafsiri. Dereva aligeukia ukutani akakohoa. Mgeni alijaribu kufungua faili, lakini bibi alikuwa amekunja mikono na hakuwa na haraka. Alikuwa anangoja kama watu wanavyongoja mvua, bila kuonyesha. Mwisho yule bwana akasema. Akamtaja baba yake, akataja alikozaliwa, akasema mama yake yupo hai. Bibi akamuuliza afya ya mama, akamuuliza magoti ya mama, akamuuliza maji wanachota wapi. Alichojibu sitakiandika, hayo ni yake. Naandika tu kwamba sauti yake ilikuwa ndogo kuliko aliyokuja nayo.

Ndipo akafungua faili. "Sasa bibi, tueleze, waliopiga simu kuhusu lambo ni nani na nani?"

"Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi. Zote nilipiga mimi."

Mkurugenzi akaingilia, kwa heshima. "Bibi, kuna sauti za wanaume mle."

Bibi alisubiri nimalize kutafsiri. Akafikiri. "Mwambie nilikuwa na mafua."

Nimefanya kazi ngumu maishani. Nimelima mtama kwa jembe la mkono, nimefundisha darasa la watoto mia kwa chaki moja. Hakuna iliyonishinda kama kulitoa lile jibu bila kucheka. "Anasema alikuwa na mafua," nikatafsiri.

"Mmoja anasema alibeba udongo wa tuta," akasema mgeni.

"Niliubeba. Atazame mgongo wangu."

"Mwingine anasema wake zake wawili wanagombania maji."

"Mwambie mambo ya nyumbani kwangu asiyaingilie."

Wale wanawake ukutani walishindwa. Mmoja aliangusha ungo wa mlenda. Mgeni hakucheka, wala hakukasirika. Aligeuka taratibu akaniangalia mimi.

"Wewe unazisikia hizi sauti kila siku," akasema. "Ni kweli anachosema? Ni sauti moja?"

Swali hilo halikuwa la bibi, lilikuwa langu. Mkurugenzi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwangu na alijua jibu kama mimi ninavyolijua. Nilifikiri ada za watoto. Nilifikiri mtu mwenye watoto wadogo wanne ambaye sijawahi kumwona sura.

"Ni moja," nikasema. "Ninazijua sauti hizo kuliko mtu yeyote. Zote ni zake."

Nilisema uongo mchana kweupe, nikimtazama mtu machoni, na sijaujutia hata siku moja. Naurudia hapa kwa maandishi, anayetaka aukate na kuuweka kwenye faili lake. Mkurugenzi aliinamia raba zake. Angeweza kusema neno moja tu. Hakulisema, na mpaka leo sijui kama ilikuwa aibu au hofu ya kuonekana kampuni yake haijui inachokiuza.

Mgeni aliandika jina moja. Bibi akataka asomewe, nikamsomea. Hakuridhika. Alitaka liandikwe na jina la baba yake, na ukoo, na ng'ombe wake wawili, dume na jike mwenye mimba. Mgeni akaandika yote. Kisha bibi akasimama akasema sasa twende tukaone lambo, na kwa kuwa alishasimama na kutangulia, tulimfuata, hata dereva.

Wiki iliyofuata mtu alimtafsiria mkurugenzi tangazo langu la Jumatano. Alinifukuza kwa adabu, na barua ilikuwa na nembo ya rangi mbili. Kibali walikipata. Siku hizi ahadi inasemwa na binti mwenye Kinyaturu alichojifunzia mjini, naye ana kicheko kizuri kuliko changu. Mimi nakamua na kuuza mafuta ya alizeti, na ninapompata mtu mwenye simu namwambia yale yale niliyoyasema kwenye maiki. Bibi aliitwa mara mbili. Alikwenda mara zote mbili akarudi, na kila aliporudi wao ndio walioonekana kuchoka. Wengine hawakuitwa, kwa ninavyojua; nadhani faili lilishapata jina la kuwekwa, likatosheka.

Baada ya mavuno nilipata habari kuna mkutano wa kijiji kule, na kwamba wageni kutoka ofisini watakuwepo. Nilikwenda nikakaa nyuma, na wanawake. Hotuba zilikwenda zikaisha, ikaitwa mengineyo. Mwanamume mmoja mfupi, mwenye mtoto mgongoni mwa mkewe na wengine watatu pembeni yake, akanyoosha mkono. Alipofungua kinywa nikamtambua hapo hapo, maana nilikuwa nayo masikioni ile sauti kwa mwaka mzima. Bibi alikuwa mstari wa mbele. Aligeuka akamtikisia kichwa akae. Hakukaa.

Alisalimia. Alieleza ni mtoto wa nani, anakaa wapi, mke wake katoka wapi, na safari hii jina lake akalitaja, lote, mara mbili, akimtazama aliyeshika kalamu ili asilikosee. Kisha akasema, "Lile tuta lilikuwa la kichanga. Niliubeba mimi udongo ule, na nilipokuwa naubeba nilijua."